Kofia ya Mprusi Haitaki Mafuta

Mpe fundi viatu yeyote ngozi iliyokauka, na mkono wake utakwenda kwenye kopo la mafuta kabla hajakuuliza jina. Ndivyo tulivyofundishwa. Ngozi ikikauka inapasuka, ikipata mafuta inalainika, kazi imekwisha, lete hela. Kwa kiatu ni kweli, kwa tandiko la farasi ni kweli, kwa mkoba wa shule ni kweli. Kwa Pickelhaube, ile kofia yenye mwiba utosini ya jeshi la Prussia, dola iliyokuwa kubwa kuliko zote za Ujerumani ya zamani, ni sumu. Nimeona kofia zilizoponea Vita vya Kwanza vya Dunia, zikaponea na vya Pili, halafu zikauawa na mtu aliyezipenda, jioni moja mezani, kwa kitambaa na chupa ya mafuta ya kwato za ng'ombe.

Nafanya kazi kwenye karakana ya ngozi huku Ujerumani, jimbo la Hessen. Kazi yetu kubwa ni mikoba, matandiko na viti vya magari ya zamani. Mara mojamoja huja vitu vya jeshi ambavyo familia zimevikuta darini. Kofia ninayotaka kuisimulia ililetwa na mama mmoja mtu mzima, imefungwa kwenye taulo la kuogea. Ilikuwa ya babu wa marehemu mumewe. Kwa miaka mingi ilikaa juu ya kabati, na nyuma ya kabati hilo linapita bomba la kupashia nyumba joto. Ombi lake lilikuwa fupi: ing'ae.

Ingekuwa rahisi kumng'arishia. Ila kofia hii watu huiita ya ngozi, na hapo ndipo wanapopotea. Ngozi ya ng'ombe ililoweshwa, ikakandamizwa kwenye kalibu hadi ikachukua umbo la kichwa, ikakaushwa ikawa ngumu. Kisha ikapakwa rangi nyeusi na vanishi, tabaka juu ya tabaka, ikasuguliwa kila mara, hadi uso wake ukawa kama kioo. Huo uso mweusi ndio kofia yenyewe. Ndio uliozuia mvua, ndio uliosimamisha umbo, ndio askari aliokuwa akiusugua kabla ya gwaride. Ngozi iliyo chini yake ni mifupa tu.

Sasa tia mafuta. Ngozi ile ngumu italegea, na kwa kuwa imebeba mwiba na bamba zito la tai, itaanza kulala upande. Mafuta yatapita hadi chini ya vanishi na kuibandua kutoka ndani. Yale yatakayobaki juu yatanata na kukusanya vumbi, na baada ya miaka yatageuka utomvu mweusi usiotoka. Tena mafuta yakikutana na shaba hutengeneza ile nta ya kijani inayovimba pembezoni mwa kila msumari. Wengi hudhani ni kutu ya kawaida. Ni sabuni hasa, sabuni ya shaba, iliyopikwa polepole na asidi za mafuta ya ngozi na madini yenyewe. Kadiri unavyoilisha ngozi mafuta, ndivyo unavyoilisha na hiyo.

Nilimweleza mama yule haya yote. Akanitazama, akaniambia jirani yake anayo moja na inang'aa.

Kofia yake ni ya muundo wa 1895, ya askari wa kawaida wa miguu. Ndani, nyuma ya shingo, kuna mhuri uliopigwa kwenye ngozi: B.A. XI, yaani ghala la mavazi la kikosi cha jeshi cha 11, ambacho makao yake yalikuwa mji wa Kassel, humuhumu Hessen. Mhuri wa rejimenti umefutika. Mbele kuna tai wa Prussia na utepe wenye maneno ya Mungu, mfalme na nchi ya baba. Ubavuni kulia kuna kisahani cha rangi za Ujerumani nzima, nyeusi, nyeupe na nyekundu, kilichoongezwa kwenye kofia zote kuanzia 1897. Kushoto ni nyeusi na nyeupe za Prussia. Mtu wa Kassel kuvaa rangi za Prussia si jambo la asili. Hessen-Kassel ilikuwa nchi yenye mtawala wake hadi 1866, iliposimama upande ulioshindwa katika vita na Prussia ikaimeza mzima mzima. Babu yule, au baba yake, alizaliwa raia wa dola moja akavishwa tai wa dola nyingine.

Kofia zenyewe zilianza 1842, kwa amri ya mfalme Friedrich Wilhelm IV. Za mwanzo zilikuwa ndefu mno, na miaka iliyofuata ikawa ni kuzipunguza tu, toleo baada ya toleo. Wapiganaji wa mizinga walibadilishiwa mwiba wakapewa tufe. Bavaria, dola nyingine ya Kijerumani, walikataa kuivaa muda wote ambao mfalme wao Ludwig II alikuwa hai. Alipokufa 1886 wakavishwa mwaka huohuo. Ukiniuliza, mwiba haukuwa na kazi yoyote ya vita isipokuwa kumwongezea mtu urefu. Shingo yake ilikuwa na matundu ya kupitisha hewa, basi, tumsifu kwa hilo.

Mnamo 1914 askari waliingia vitani wakiwa wameifunika kwa gunia la kitambaa lenye rangi ya majani makavu, ili isimetemete juani. Vifuniko hivyo vilikuwapo tangu 1892, na namba ya rejimenti ilishonwa mbele kwa nyekundu, hadi ikaonekana kwamba nyekundu inamsaidia adui kulenga, ikabadilishwa kuwa kijani. Ngozi haizuii kipande cha bomu, kitambaa ndiyo kabisa. Halafu Uingereza ikafunga bahari, ngozi za kutoka Amerika Kusini zikakatika, na viwanda vikaanza kutengeneza kofia za manyoya yaliyoshindiliwa, za bati, hata za karatasi. Mwaka 1915 ukatoka muundo wenye vyuma vya kijivu na mwiba wa kuchomoa. Mwaka uliofuata, kwenye mapigano ya Verdun, Ufaransa, ikaja kofia ya chuma aliyoibuni Friedrich Schwerd, na hii ya ngozi ikarudi nyuma ya mstari wa mbele. Vita vilipokwisha, Wamarekani waliziteka kwa maelfu ghalani wakazipeleka kwao kuvutia watu wanunue hati za mkopo wa serikali. Ndiyo maana leo nyingine hufufuka kwenye madari ya huko.

Najua msomaji wa Tanzania ameshafikiria askari wa Mjerumani wa kwetu. Hapana, wao hawakuvaa hii. Askari wa Schutztruppe, jeshi la Wajerumani la makoloni, walivaa tarbushi iliyofunikwa kitambaa cha kaki, chenye pazia la kukinga shingo na tai mdogo wa madini mbele. Maofisa wao walivaa helmeti za nchi za joto. Uhusiano wa kweli na pwani yetu upo mahali pengine, kwenye dawa ya ngozi. Wajerumani kwa desturi walitengeneza ngozi kwa magome ya mwaloni, lakini zama za ukoloni magome ya mikoko kutoka Rufiji nayo yalipakiwa melini kwenda Ulaya kwa kazi hiyohiyo. Mikoko ina tanini nyingi sana, ile dawa ya magome inayofanya ngozi mbichi isioze. Anayeijua harufu ya kiwanda cha ngozi na anayeijua harufu ya mikoko iliyokatwa atanielewa.

Na tanini ndiyo inayoleta ugonjwa wa kwanza niliouangalia. Ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya karne ya 19 na mwanzo wa ya 20 huvuta moshi wa makaa ya mawe. Salfa ya moshi hugeuka asidi ndani ya nyuzi, na nyuzi zikishakatika ngozi inakuwa unga mwekundu. Ukipitisha kidole, kinatoka kama umekigusisha kwenye udongo wa Lushoto. Hakuna dawa ya kurudisha nyuma. Unachoweza ni kuufunga unga ule mahali ulipo, na kinachotumika ni selulosi iliyobadilishwa kikemia, ikayeyushwa kwenye spiriti.

Hapo pana mtego. Vanishi za zamani nyingi zina shelaki, utomvu wa wadudu, na shelaki huyeyushwa na spiriti hiyohiyo. Dawa ya ndani ni kifo cha nje. Nilizungushia mkanda wa karatasi pembeni mwa kila mshono, nikapaka kwa brashi ndogo ya mchoraji kwenye ngozi tupu ya ndani pekee, kidogo kidogo, kofia imepinduliwa ili tone likidondoka lisikimbilie nje. Bahati nzuri kofia hii ilikuwa imeoza mahali pamoja tu, chini ya utepe wa ndani karibu na sikio la kushoto. Kwingine ilikuwa kavu, lakini nzima.

Kabla ya hapo kulikuwa na usafi. Brashi laini kwanza, na mdomo wa mashine ya vumbi umefungwa wavu ili kipande cha vanishi kikibanduka kisimezwe. Kisha pamba kwenye kijiti, imeloweshwa mate. Msicheke. Mate yana vimeng'enya, yana joto sahihi, na wahifadhi wa makumbusho huyatumia kwenye picha za karne kadhaa. Unalamba pamba, unaviringisha, unaitupa, unachukua nyingine, hulambi ileile mara mbili. Pamba za mwanzo zilitoka kahawia, rangi ya sigara. Nyumba ile ilikuwa na mvutaji kwa muda mrefu, na mama yule alipoziona kwenye sahani alitaja jina la marehemu mumewe akacheka kidogo.

Nta ya kijani niliiondoa kwa njiti ya mwanzi iliyochongwa, ikifuatwa na kitambaa. Chuma hapana, maana kikiteleza kinaacha mstari kwenye vanishi ambao hauondoki tena. Shaba yenyewe sikuing'arisha. Dawa za kung'arisha shaba huacha unga mweupe kwenye kila mkunjo wa manyoya ya tai, na nyingi zina amonia, ambayo hula shaba na kuharibu ngozi ya jirani. Kuna wanaosema, basi fungua bamba ulisafishe pembeni. Geuza kofia uone lilivyofungwa. Nyuma ya bamba la askari wa kawaida kuna vitanzi viwili vya shaba vinavyopita kwenye nyufa za ngozi, na kila kitanzi kimezuiwa na kabari ndogo ya ngozi iliyosukumizwa kwa nguvu. Maofisa walipata skrubu na nati, wengine kabari. Kabari za kofia hii hazijaguswa tangu kiwandani. Zimekauka zikashikana na kitanzi, na upande mmoja bado unaonekana umekatwa kwa kisu kisicho na makali sana, kwa haraka, na mtu aliyekuwa na nyingine mia za kukata kabla ya chakula cha mchana. Ukizitoa zitavunjika, na ukiweka mpya umefuta ushahidi kwamba bamba na kofia vilizaliwa pamoja. Sokoni kofia zilizounganishwa vipande vya huku na kule ni nyingi kuliko watu wanavyokiri, na kabari ndiyo ninayoiangalia kwanza.

Sehemu ngumu ilikuwa ukingo wa nyuma. Joto la bomba lilikuwa limeukunja ukapinda juu, na mshono unaoushika kwenye kofia ulikuwa umekatika karibu nusu. Hapa mafundi wa haraka hutumia mvuke wa birika au mashine ya kukausha nywele. Ngozi mpya iliyotengenezwa kwa magome ikiwa imelowa huanza kusinyaa kwenye nyuzi joto zipatazo 75. Iliyozeeka huanza chini zaidi, na ikishasinyaa haijui kurudi. Kwa hiyo joto halihusiki kabisa, unaitumia hewa tu. Boksi la plastiki lenye kifuniko, kitambaa kibichi chini, wavu juu yake, kofia juu ya wavu bila kugusa maji, na kipima unyevu ndani. Ngozi inavuta unyevu yenyewe, polepole. Ikianza kutii, unausukuma ukingo kidogo, unauwekea vifuko vya mchanga, unaiacha ikauke katika umbo jipya, kesho yake unarudia.

Mtu aliyekulia Tanga ana faida moja katika kazi hii: anajua unyevu ukizidi kinatokea nini. Wakati wa masika viatu vya kwenda harusini ukivisahau chini ya kitanda unavikuta vimevaa koga jeupe, na mkanda unaota manyoya. Wenzangu hapa huogopa ukavu, mimi naogopa vyote viwili. Boksi lile nililifungua mara kwa mara kunusa. Pua hutangulia kuijua koga kabla jicho halijaiona.

Ukingo ulipokaa sawa nilikuja kwenye mshono. Sindano mbili, uzi mmoja wa kitani, zinapishana kwenye tundu lilelile. Na matundu ni yale ya zamani, hupigi jipya hata moja, maana ngozi hii ukiitoboa karibu na tundu la kwanza inachanika mfululizo. Uzi wa nailoni ni imara kupita kiasi. Kofia ikivutwa, unataka ukatike uzi, isikatike ngozi. Kuhusu nta nilimpigia simu mjomba, ambaye ameshona viatu barabara moja pale mjini Tanga tangu kabla sijazaliwa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Baridi haijakumaliza tu?"

Nikamweleza. Aliuliza ngozi ina umri gani, nikamwambia imepita miaka mia. Akanyamaza, kisha akauliza ni nani mwenye wazimu wa kushona kitu hicho.

"Mimi, mjomba."

"Haya. Uzi upake nta ya nyuki, si mshumaa. Halafu usivute kama unafunga ng'ombe. Uzi ukae, usibane. Na wanakulipa?"

Wananilipa. Si vizuri sana, kwa saa zilizokwenda, na hilo nalo nilimwambia.

Ndani ya kofia sikufanya chochote zaidi ya kutoa vumbi. Utepe wa ndani ni wa ngozi ya kondoo, umekatwa ndimi ndimi, kila ulimi una tundu nchani, na kamba inapita humo kuzikusanya zikae kichwani. Ndimi za mbele ni nyeusi kwa jasho, zile za nyuma zimebaki na rangi ya chai ya maziwa. Jasho lile ni chumvi na asidi, na kwa kanuni za kazi yetu ningeweza kulipunguza. Sikutaka. Ndiyo sehemu pekee ya kofia ambayo mwenye kofia aliitengeneza mwenyewe. Ukigeuza kingo utaona mbele pamepakwa kijani na nyuma nyekundu, rangi ambazo hakuna aliyeziona isipokuwa mvaaji na wenzake waliolala karibu naye.

Zilibaki vanishi zilizobanduka, vipande vidogo vilivyosimama kama magamba ya samaki aliyeparwa nusu. Kila kimoja kilipata tone la gundi ya samaki kwa ncha ya brashi, kikakandamizwa kupitia karatasi isiyoshika gundi. Palipokuwa wazi kabisa nilijaza nta iliyochanganywa rangi nyeusi, ambayo fundi mwingine akitaka kuitoa atapata shida ya dakika tano. Polishi ya viatu ingefanya kazi nzuri zaidi kwa macho. Isingetoka kamwe. Mwisho juu ya yote, nta ya madini ile wanayotumia makumbusho, tabaka jembamba, na kitambaa.

Mama yule alikuja kuichukua akaizungusha mkononi muda mrefu. Haikung'aa kama ya jirani. Ukingo ulikuwa umenyooka, mshono umeshika, weusi umerudi weusi bila kuwa mpya. Aliuliza alichokuwa analipia hasa, swali la haki, nikamwonyesha picha za kabla, tukazipitia moja moja hadi akafika kwenye ile ya mshono uliokatika. Alilipa. Nilimpa na kigoda cha povu kilichochongwa kwa saizi ya ndani, ili kofia isikalie kingo zake, pamoja na masharti: ukutani mbali na bomba, mbali na dirisha, unyevu wa asilimia 45 hadi 55, na asiibebe kwa mwiba hata siku moja, maana mwiba umeshikwa na misumari midogo minne tu.

Akaandika yote kwenye karatasi. Kisha akaniuliza kama kitukuu chake anaweza kuivaa kwenye sherehe za karnivali, Februari, kwa saa moja tu. Nikamwambia zipo za plastiki madukani, bei haifiki euro 20, na hizo anaweza kuzing'arisha anavyotaka.